TAZARA: Kwa Nini Kuongeza Treni za Abiria Hakuanzii kwenye Mabehewa

Mkazi wa Ngarambe, wilayani Rufiji, anayetaka kwenda Mlimba, Makambako au Mbeya kwa treni hulazimika kwanza kufika Dar es Salaam kwa barabara kupitia Kibiti. Kwake, treni inayoondoka kwa wakati ina thamani kuliko treni ya kasi, kwa kuwa kila siku ya kusubiri mjini humgharimu malazi na chakula.

Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA), iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kati ya hizo, kilomita 975 zipo Tanzania. Reli hiyo ni ya njia moja. Treni za mizigo na za abiria wa masafa marefu huitumia kwa pamoja, na mwezi Oktoba 2012 iliongezewa huduma ya abiria wa jijini kati ya stesheni ya TAZARA na Mwakanga.

Katika njia moja, treni zinazotoka pande mbili haziwezi kupishana popote isipokuwa kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Moja huingia pembeni na kusubiri hadi nyingine ipite. Njia hiyo ikiwa mbovu, au fupi kuliko treni ya mizigo, mapishano huhamia stesheni nyingine na ucheleweshaji huongezeka. Kichwa kimoja kikiharibika njiani, treni zote zilizo nyuma yake husimama.

Jijini, ugumu huwa mkubwa zaidi asubuhi na jioni, wakati treni za wafanyakazi zinapohitaji njia ileile. Treni ya Mbeya lazima ipangiwe nafasi kati ya safari hizo.

Kupunguza mizigo si suluhisho, kwa kuwa mapato yake husaidia kuitunza reli. Shaba ya Zambia hupita hapo kwenda bandarini, na stesheni ya Fuga ilipokea vifaa vya ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji. Aidha, treni za TAZARA haziwezi kuhamishiwa kwenye reli ya kisasa ya SGR: upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067, ilhali wa SGR ni milimita 1,435.

Kwa sababu hiyo, ukarabati hutangulia ununuzi wa mabehewa. Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini jijini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, mpango unaokadiriwa kugharimu dola za Marekani bilioni 1.4.

Mwananchi anayefuatilia utekelezaji wake anaweza kupima mafanikio kwa mambo matatu: njia za kupishana zilizokarabatiwa, mawasiliano ya uhakika kati ya stesheni na ratiba inayozingatiwa. Hapo ndipo msafiri wa Ngarambe atakapoweza kupanga siku ya kuondoka kijijini akiwa na hakika ya siku ya kufika.