Askari Wanaomgeukia Mwenye Nyumba

Kila mtu anao askari ndani ya damu yake. Mdudu wa malaria akiingia, askari hao hutengeneza vitu vidogo sana viitwavyo kingamwili, na kila kingamwili hushika kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli. Lakini mara nyingine askari hugeuka, wakaanza kumpiga mwenye nyumba. Ugonjwa mmoja wa namna hiyo waitwa lupusi, neno la Kilatini lenye maana ya mbwa-mwitu. Katika wagonjwa 10, yapata 9 ni wanawake. Maungo yauma na kuvimba, nywele zanyonyoka, mabaka yatokea usoni, na mafigo yaweza kuharibika pasipo maumivu yo yote.

Mama wa Sakania, pale mpakani mwa Zambia, akishikwa na homa na maungo kumwuma, watu husema: ni malaria. Mara nyingi wasema kweli, na malaria ipimwe kwanza. Lakini ikiwa amemeza dawa sawasawa, na taabu ile yarudi miezi na miezi, wengine huanza kumtafuta mchawi. Mafigo hayangoji mashauri hayo! Afadhali aende Lubumbashi kwa daktari.

Hapa twaomba msomaji asikilize vizuri. Kipimo cha kwanza cha damu chauliza tu kama zipo kingamwili zinazoshika kiini cha chembe za mwili. Karibu wagonjwa wote wa lupusi wanazo. Hata hivyo watu wengine wenye afya wanazo pia, na malaria yenyewe huzichochea. Basi mama wa nchi ya malaria akiambiwa “zipo”, bado hajaambiwa kwamba ana lupusi. Lazima kuuliza tena: zashika nini hasa? Zikishika uzi wa urithi uitwao DNA, au kile kiitwacho Sm, twaukaribia ukweli. Kingamwili ya Sm ilielezwa mwaka 1966 na madaktari Tan na Kunkel wa Marekani, ikapewa herufi za jina la mgonjwa wao, Smith. Asiye na lupusi ni nadra sana kuwa nayo. Lakini wagonjwa wengi wa lupusi hawana; kwa hiyo kuikosa si cheti cha afya.

Iko nyingine, iitwayo Ro, ambayo hupita katika kondo la nyuma hadi kwa mtoto tumboni. Katika mimba 100 za akina mama wenye nayo, 1 au 2 hivi mtoto hupatwa na ugonjwa wa moyo kupiga polepole mno. Mama wa namna hiyo amwambie daktari mapema, ili moyo wa mtoto usikilizwe kabla hajazaliwa.

Lupusi haiponi kabisa, ila yaweza kutulizwa. Dawa yake kubwa ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ambayo wazee wetu waliimeza kwa malaria. Hata mwenye mimba aweza kuendelea nayo kwa shauri la daktari. Macho tu yapimwe mara kwa mara, maana ikitumiwa miaka mingi yaweza kuyadhuru.