Kwa nini moduli za Linux hupakiwa upya kati ya jaribio na jaribio

Simu nyingi tunazotumia Kibaha na Kisarawe ni za Android, na Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Ndani ya kerneli kuna sehemu inayopanga mafaili kwenye hifadhi: picha, ujumbe, daftari la mauzo ya duka. Huitwa mfumo wa mafaili. Ukikosea, faili linaweza kuharibika bila mwenye simu kujua.

Ndiyo maana wataalamu huupima kwa majaribio yanayojiendesha yenyewe. Programu inayotumika sana ni fstests. Ilianza kwa jina la xfstests, kwa ajili ya mfumo wa XFS, na leo hupima pia ext4 na Btrfs. Ina mamia ya majaribio yanayofuatana.

Tatizo liko wapi? Tuchukulie sahani za kukodi. Zimekwenda kwenye shughuli kumi, leo Maili Moja, kesho Kisarawe mjini. Tukizihesabu mwisho wa mwezi tu, tutajua zimepungua, lakini hatutajua zilipotelea kwenye shughuli ipi.

Kerneli nayo hukopa nafasi ya memori na inatakiwa kuirudisha. Sehemu zake nyingi ni moduli, yaani zinaweza kupakiwa na kuondolewa bila kuzima kompyuta. Moduli ya mfumo wa mafaili ikiondolewa, hufunga maghala yake ya memori. Ghala likikutwa bado lina vitu, kerneli huandika onyo. Fstests ina mpangilio uitwao TEST_FS_MODULE_RELOAD, unaoondoa moduli na kuipakia tena kati ya majaribio. Onyo likitokea, jaribio lililotangulia ndilo la kuchunguzwa kwanza.

Kuna masharti. Wakati huo diski yoyote ya mfumo huo isiwe inatumika, na mfumo uliojengwa moja kwa moja ndani ya kerneli hauondoki hivyo. Tena, kuanza upya kila mara kunaweza kuficha hitilafu zinazojitokeza kazi zikirundikana. Kwa hiyo majaribio ya mfululizo bado yanahitajika.

Kwako msikilizaji, hitilafu iliyorekebishwa huko hufika kwenye simu kupitia masasisho. Tunashauri usiyaahirishe yanapokuja, na daftari la duka liwe na nakala nje ya simu hiyo.