Singe: Mkuki wa bunduki uliogeuka kisu cha kazi

SINGE, ule upanga mfupi unaopachikwa kwenye mtutu wa bunduki, raia wengi huuona siku za gwaride pekee. Lakini katika eneo ambalo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, chombo hicho kilitumika vitani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Yaliyotokea huko yanasaidia kujibu swali ambalo wanajeshi wamelijadili kwa muda mrefu: je, singe ni silaha ya kupigania ana kwa ana au ni kisu cha kufanyia kazi?

Mwaka wa 1905, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilituma askari wa King's African Rifles (KAR) pamoja na polisi kwenda kuwaadhibu Abagusii. Wapiganaji wa Kigusii waliwakabili kwa mikuki na ngao. Askari hao walijipanga kwa umbo la mraba, bunduki zenye singe zikielekezwa nje kila upande.

Robert Foran, afisa wa polisi wa enzi hizo, alisimulia katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1936 kwamba wapiganaji hao walisonga mbele hadi kwenye ncha za singe zenyewe. Kwa maelezo yake, bunduki ya rashasha ilifyatuliwa mfululizo hata ikakaribia kuiva kwa joto, na mamia ya Abagusii wakaachwa wameanguka nje ya mraba huo, wengine wamekufa na wengine wamejeruhiwa.

Masimulizi hayo yanadhihirisha kazi halisi ya singe. Ilikuwa ua wa chuma uliomzuia adui asipenye, huku risasi zikifanya kazi ya kuua.

Asili yake yenyewe inathibitisha hivyo. Singe ilianza kutumiwa Ulaya katika karne ya 17, na jina lake katika lugha nyingi za huko hunasibishwa na mji wa Bayonne, Ufaransa. Bunduki za wakati huo zilipiga risasi moja, kisha mwenyewe akahitaji muda mrefu wa kuishindilia upya. Katika muda huo angeweza kukanyagwa na farasi wa adui. Singe ilimwezesha kuigeuza bunduki yake kuwa mkuki.

Ndiyo maana singe za kale zilikuwa ndefu. Ile ya Waingereza ya mwaka wa 1907 ilikuwa na ubapa wa takriban sentimita 43. Ilipopachikwa kwenye bunduki ya Lee-Enfield, urefu wa vyote viwili ulifika kama mita moja na nusu, kipimo cha mkuki hasa. Ikichomolewa na kushikwa mkononi, hata hivyo, ilikuwa kisu kizito na kirefu mno kwa mapambano ya karibu, na pia kwa kazi ndogo ndogo za kambini.

Mapema mwaka wa 1908, Otenyo, ambaye simulizi za Abagusii zinasema alichochewa na nabii Moraa Ng'iti, alimjeruhi kwa mkuki afisa wa utawala, Geoffrey Northcote. Northcote alipona. Jibu la serikali lilikuwa msafara mwingine wa KAR, mauaji, kuchomwa kwa makazi na kunyang'anywa mifugo. Umwagaji huo wa damu ulimkera hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika wizara ya makoloni, naye akauhoji.

Vita Vikuu vya Kwanza, ambavyo viliufikia mji wa Kisii Septemba 1914 Wajerumani walipovuka mpaka, vilizidi kuonyesha udhaifu wa singe. Katika hesabu ya Waingereza ya majeraha zaidi ya 212,000 ya vita hivyo, yaliyosababishwa na singe yalikuwa asilimia 0.32 tu. Mizinga na risasi ndizo zilizoumiza takriban wote waliosalia.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza waliifupisha singe ya bunduki yao mpya ikawa msumari wa kama sentimita 20. Msumari huo uliweza kudunga, lakini haukuweza kukata kamba wala tawi. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma walibeba panga, chombo walichokizoea nyumbani, nalo likawafaa kufyeka njia msituni na pia kupigana.

Watengenezaji wa silaha walijifunza. Singe ya bunduki ya AKM ya Usovieti, iliyotokea mwaka wa 1959, ni fupi na ina tundu kwenye ubapa wake. Ikiunganishwa na ala yake huwa mkasi wa kukatia nyaya. Wamarekani waliiga mtindo huo katika singe yao ya miaka ya 1980, kisha mwaka wa 2010 jeshi lao la nchi kavu likaondoa zoezi la kushambulia kwa singe katika mafunzo ya makurutu.

Hata hivyo, singe haijakoma kabisa kuwa silaha. Mei 2004, wanajeshi wa Uingereza waliitumia karibu na Al Amara, Iraq, wakivamia mahandaki. Hofu inayomwingia mtu anapoona chuma kikimjia bado ina nguvu zake.

Kwa wajukuu wa waliopigana mwaka wa 1905, tofauti hii ina uzito. Mkuki wa Mgusii na bunduki yenye singe, risasi zikiisha, ni silaha za aina moja. Mababu zao waliufikia ukuta wa singe kwa miguu yao wenyewe. Kilichowaangusha ni bunduki ya rashasha, na dhidi ya hiyo hapakuwa na ngao wala ushujaa ambao ungefaa.