Urefu wa Kulala: Rikodi za Ng'ambo

Mgeni akishuka bandarini Malindi hutajiwa rikodi za Unguja hata kabla hajapata pa kuweka begi lake. Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa hapa asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, na kwa hesabu inayotajwa zaidi vilikwisha kwa dakika 38. Beit al-Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883, ilikuwa nyumba ndefu kuliko zote Afrika Mashariki kwa zama zake. Yote hayo ni kweli, na yote ni ya upande wa Forodhani, upande wa majumba ya kifalme. Katika zile dakika 38 watu wapatao 500 wa upande wa Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani bila ridhaa ya Waingereza, waliuawa au kujeruhiwa, na sijapata kuona majina yao kwenye kibao chochote.

Rikodi ninazotaka kuzihesabu mimi ziko ng'ambo ya barabara.

Kwanza tujue ni ng'ambo ya nini. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Mkono wa bahari uitwao Pwani Ndogo uliukata kwa upande wa mashariki, na maji yakijaa hapakuwa na njia ila darajani. Waliokaa huku wakawaita wa kule watu wa Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa sehemu kwa sehemu hadi miaka ya 1950, na leo barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado wanaiita Creek Road, inapita juu yake. Maji hayapo na daraja halipo. Lakini mwambie utingo wa daladala "Darajani hapo, shusha", gari itasimama palepale. Sijui daraja jingine katika pwani yetu lililobomoka likabaki linafanya kazi kila siku, kwa jina tu.

Kwa majina, Ng'ambo haishindwi. Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Miembeni, Mikunguni, Kikwajuni, Michenzani: ukiisoma mitaa hiyo unadhani uko shamba, na ndivyo palivyokuwa. Baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria, waliotoka mashamba ya karafuu walimiminika huku, wakajenga vibanda vya miti na udongo, wakaezeka makuti. Kibanda kilikuwa cha mtu, ardhi ikabaki ya mwengine, na kila mwezi kodi ya kiwanja ikadaiwa. Mwaka 1927 na 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Katika historia ya siasa za visiwani tunapenda kuanza na vyama vya miaka ya 1950. Mimi ningeanza na mgomo huu, wa watu waliokataa kulipia udongo waliosimamia.

Sauti ya kwanza

Mwaka huohuo wa 1928 mwanamke wa Ng'ambo alipanda meli kwenda Bombay na kundi lake, akaimba mbele ya mtambo wa kampuni ya His Master's Voice. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu waliofinyanga vyungu. Alikuwa akivibeba kuja kuviuza mjini, na mwaka 1911 akahamia moja kwa moja. Ni mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa kwenye santuri, na santuri zake ziliuzwa kwa maelfu, pwani nzima. Taarabu ambayo huko nyuma ilikuwa ya kasri la Sultani na ikiimbwa kwa Kiarabu, yeye aliiimba kwa Kiswahili, kwa lafudhi ya watu wa mtaani kwake. Alifariki mwaka 1950. Miaka mingi baadaye Bi Kidude, naye mkaazi wa Ng'ambo, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akiwa bado anapiga ngoma. Kwa mtaa wa vibanda vya udongo, wanawake wawili wa kiwango hicho ni wengi.

Kutoka Ng'ambo hiyohiyo, kwenye kituo cha redio cha Raha Leo, ndiko ilikotoka sauti ya John Okello, kiongozi wa wapiganaji, asubuhi ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964.

Jumba refu

Kiswahili chetu hakibagui urefu wa kusimama na urefu wa kulala. Neno ni moja. Basi Beit al-Ajaib ina urefu wa kusimama, na Michenzani ina urefu wa kulala.

Baada ya Mapinduzi, Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na Wajerumani wakaleta wahandisi. Walianza na nyumba za Kikwajuni. Ikaja ramani ya mji ya mwaka 1968, iliyosimamiwa na Hubert Scholz, ikitaka Ng'ambo yote iwe maghorofa. Mzee Karume, rais wa wakati huo, aliishikilia kazi hii kama nyumba yake mwenyewe. Vibanda vikabomolewa, njia mbili pana zikakatwa zikapishana kama msalaba, na kando yake yakalazwa majumba ambayo marefu yake yanakaribia mita 300 kila moja. Watu waliitwa kujitolea, wakapokezana matofali mkono kwa mkono. Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, mwendo wa dakika chache kutoka hapo, kazi ikiwa haijamalizika. Yalijengwa majumba kumi. Ramani ilitaka mengi zaidi. Watu wakayapa jina la treni.

Simama chini ya treni moja baada ya alasiri. Kanga zimeanikwa kwenye roshani mabehewa yote, nyekundu, kijani, nyeusi na nyeupe. Ghorofani mama ameteremsha kikapu kwa kamba. Kijana chini anatia mkate na chenji, anaivuta kamba mara mbili, kikapu kinapanda. Penye ngazi muuza urojo ameshafunua sufuria, na watoto wa skuli wamepanga mstari na bakuli zao. Wasomi wa majengo wamezisema vibaya sana nyumba hizi, kwamba zimekata mtaa vipande na hazina baraza. Lawama ya baraza naikubali, kwa kuwa Mswahili bila baraza ni mtu aliyetengwa na habari. Lakini nimewaona wazee wakibeba viti vyao vya plastiki hadi kwenye kivuli cha treni na kufungua bao, na baraza ikawa imepatikana.

Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ng'ambo ilisubiri hadi mwaka 2019 kupata hata kitabu cha ramani zake, Ng'ambo Atlas, kilichotokana na mradi wa Ng'ambo Tuitakayo.

Mji unaokua

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ilihesabu 893,169, yaani thuluthi mbili ya watu wote wa Unguja. Ng'ambo ya zamani imekuwa katikati ya mji, na ng'ambo mpya imekwenda Fuoni, Mwanakwerekwe, Tomondo, na kusini hadi Fumba.

Huko Fumba, mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa Burj Zanzibar, mnara wa ghorofa 28 na mita 96, sehemu kubwa yake ya mbao. Ukisimama kwa vipimo hivyo utalipita jengo la Ascent la Milwaukee, Marekani, lenye mita 86.6, lililoshika rikodi ya dunia ya majengo ya mbao mwaka huohuo. Michoro yake inaonyesha bustani kwenye roshani zinazotazama bahari. Kanga iliyoanikwa sikuiona. Ardhi yenyewe ni ile ya mawe na matumbawe ambayo binti wa Saad aliikanyaga akija mjini, vyungu kichwani, alfajiri, ili afike Ng'ambo jua halijakuwa kali.