Mbio zilisimama, farasi waliendelea kula

Na Mwandishi Wetu

MACHI 17, 2020, viwanja viwili vya mbio za farasi nchini Uingereza, Wetherby na Taunton, viliendesha mashindano bila mtazamaji hata mmoja. Kesho yake nayo yakapigwa marufuku. Kwa siku 75 zilizofuata hakukuwa na mbio yoyote nchini humo, hadi Juni 1.

Duka la nguo likifungwa kwa siku 75, nguo hubaki kwenye rafu na mwenye duka huhangaika na kodi ya pango. Mfugaji hana nafuu hiyo. Wakati huo Uingereza ilikuwa na farasi wa mbio wapatao 14,000 waliokuwa mazoezini, na kila mmoja alitakiwa kulishwa, kunyweshwa, kutolewa samadi na kunyooshwa miguu, mbio ziwepo zisiwepo.

Kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu farasi wa mbio ni mnyama wa mbali. Waliofika Nairobi huenda wameuona uwanja wa Ngong, lakini ufugaji wenyewe si jambo la kila kijiji. Hata hivyo hesabu zake hazitofautiani sana na za ng'ombe wa maziwa au kuku wa mayai soko linapofungwa ghafla. Na namna Waingereza walivyorudi kazini, nani alipona mapema na nani alichelewa, inafaa kufuatiliwa na yeyote anayeishi kwa mfugo au kwa kuwauzia wafugaji.

Nani anamlipa nani

Mkufunzi wa farasi kwa kawaida si mwenye farasi. Yeye ana mabanda, wafanyakazi na ujuzi. Mwenye farasi humletea mnyama na kumlipa ada ya kila siku. Kwa mwaka mzima ada hiyo pamoja na gharama nyingine kwa kawaida hufika au kupita pauni 20,000 kwa farasi mmoja. Mwenye farasi hulipa akitumaini zawadi, au heshima, au bei nzuri siku ya kuuza. Wengi hupata hasara na wanajua hivyo tangu mwanzo.

Mbio ziliposimama, tumaini hilo liliondoka lakini ankara ya mwezi ilibaki. Wamiliki wengi nao ni wafanyabiashara: mwenye hoteli, mkandarasi, mwenye magari ya kukodisha. Biashara zao zilifungwa wiki hiyohiyo. Kwa mkufunzi mdogo mwenye farasi 15 au 20, wamiliki wawili wakiondoa wanyama wao hesabu ya mwezi inayumba.

Serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa kulipa asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyerudishwa nyumbani, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango huo ulisaidia viwanda na migahawa. Kwa mabanda ya farasi ulisaidia nusu tu, kwa sababu aliyelipwa na serikali hakuruhusiwa kumfanyia kazi mwajiri wake, na farasi hawezi kupewa likizo ya kutokula. Saisi mmoja huhudumia farasi kadhaa. Ukimrudisha nyumbani, mwenzake anabeba mzigo wake.

Mazoezi hayakukatika

Farasi wa mbio za kuruka vikwazo walikuwa na bahati. Msimu wao mkuu huishia Aprili, hivyo wakufunzi wengi waliwafungulia malishoni mapema, ambako mnyama hujilisha majani kwa gharama ndogo. Wale wa mbio za tambarare walikuwa katikati ya maandalizi ya msimu wao, na hawa hawakuweza kuachwa.

Mfugaji atauliza, kwa nini wasipumzishwe tu? Jibu liko katika chakula. Farasi wa mbio hulishwa nafaka nyingi. Akizuiwa bandani huku akila nafaka ileile, siku atakayotolewa misuli ya mgongo na mapaja inaweza kukakamaa, akatoka jasho na kushindwa kutembea. Waingereza wa zamani waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi, kwa kuwa uliwapata farasi wa kazi waliopumzika Jumapili kwenye chakula cha kutosha. Kwa hiyo ni ama apunguziwe nafaka na kupoteza nguvu alizojengewa kwa miezi, ama aendelee kukimbia.

Walichagua kuendelea, kwa sababu amri ya kukaa nyumbani iliwaruhusu wenye kazi zisizofanyika nyumbani kwenda kazini, na kutunza mnyama ni mojawapo. Katika mji wa Newmarket, wenye farasi wa mazoezi wapatao 3,000, wanyama waliendelea kupanda mteremko wa Warren Hill kila asubuhi. Kilichobadilika ni watu. Wafanyakazi walikaa mbalimbali, vifaa vikasafishwa, na wageni wakazuiwa mabandani, wakiwemo wamiliki wenyewe.

Jambo moja halikuzungumzwa sana nje ya mchezo wenyewe. Sababu mojawapo ya kusimamisha mbio ilikuwa hospitali. Mpanda farasi huanguka, na akivunjika anahitaji gari la wagonjwa na kitanda. Tena hakuna mbio rasmi bila daktari na magari hayo uwanjani. Mwezi ule madaktari na vitanda vilihitajika kwingine. Mbio hazingeweza kurudi kabla hospitali hazijapumua, hata kama kila banda lingekuwa safi kiasi gani.

Kulikuwa pia na suala la sifa. Tamasha la Cheltenham lilifanyika Machi 10 hadi 13, na kwa siku nne lilikusanya watu wapatao 250,000, huku Shirika la Afya Duniani likitangaza katikati ya wiki hiyo kwamba ugonjwa umekuwa janga la dunia. Serikali haikuwa imekataza, na waandaaji walifuata ilivyosema serikali. Lakini lawama zilikuwa nyingi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndizo zilizowafanya wakuu wa mchezo huo waandae kurudi kwao kwa uangalifu kuliko michezo mingine.

Siku ya kurudi

Mamlaka ya Mbio za Farasi ya Uingereza haikuanza kutoka sifuri. Februari 2019 mafua ya farasi yalisimamisha mbio kwa siku sita, na wakati huo mabanda yalizoea kupima, kutenga na kuzuia magari kuzunguka ovyo. Safari hii ugonjwa ulikuwa wa binadamu, lakini fikra ilikuwa ileile: jua nani ameingia, kutoka wapi, na amegusana na nani.

Juni 1 walianza na uwanja mmoja tu, Newcastle, kaskazini mwa nchi. Mbio zilikuwa kumi, na kila moja haikuzidi farasi 12. Kila aliyeingia alipaswa awe amesoma mafunzo ya kujikinga kupitia intaneti na kufaulu, kisha akapimwa joto getini. Wapanda farasi walivaa barakoa. Mbio ya kwanza ilishindwa na farasi aitwaye Zodiakos. Farasi walioandikishwa walizidi nafasi zilizokuwepo, na wengi waliachwa nje.

Hata bafu za mvuke, ambamo wapandaji hujitoa jasho ili wapungue uzito kabla ya kupimwa, zilifungwa. Wapandaji wakaongezewa uzito ulioruhusiwa ili wasiumie. Mwaka 2021 iliamuliwa kwamba bafu hizo zisifunguliwe tena kabisa, na wachache walizililia.

Hong Kong na Japan hazikusimama hata kidogo. Ziliondoa watazamaji na kuendelea. Ujerumani ilirudi Mei 7, Ufaransa Mei 11, Ireland Juni 8. Ufaransa ilipata kizunguzungu: baada ya siku chache serikali ilifunga tena viwanja vilivyokuwa katika maeneo yenye maambukizi mengi, Paris ikiwemo, na mbio kubwa za Longchamp zikahamishiwa Deauville.

Umri haungoji

Kwa nini haraka yote hiyo? Farasi wa mbio wa nchi za kaskazini huhesabiwa wote kuongeza mwaka mmoja Januari 1, wawe wamezaliwa Februari au Mei. Mbio zenye hadhi kubwa zaidi, kama Derby ya Epsom iliyoanza mwaka 1780, ni za farasi wa miaka mitatu peke yao. Akikosa mwaka huo, amekosa maisha. Na dume aliyeshinda Derby hawi tena farasi wa mbio tu. Anakuwa mbegu, na watu hulipia kupandisha majike yao kwake kwa miaka mingi.

Ndiyo maana mbio za Guineas za Newmarket, ambazo kwa kawaida hufanyika mapema Mei, zilisogezwa hadi Juni 6 na 7, siku tano tu baada ya Newcastle. Derby yenyewe ilikimbiwa Julai 4 kwenye uwanja mtupu. Mshindi, Serpentine, alitangulia mapema na hakuna aliyemfikia. Zawadi yote ya mbio hiyo ilikuwa pauni 500,000, wakati mwaka uliotangulia ilizidi pauni milioni 1.5.

Upande wa uzalishaji haukuweza kungoja kabisa. Jike hubeba mimba miezi 11, na mwenye kuzalisha hutaka mtoto azaliwe mapema mwaka ili asiwe mdogo kuliko wenzake. Wenye ng'ombe wangesema tumia uhimilishaji, mletee jike mbegu kwenye mrija. Kwa farasi wa aina hii ni marufuku. Mtoto aliyepatikana hivyo haandikwi kitabuni wala hakimbii mbio. Jike lazima apakiwe kwenye gari na kupelekwa kwa dume. Kazi hiyo iliendelea majira yote ya kuchipua, madereva wakibaki mbali na wenyeji huku saisi akipokea mnyama.

Minada nayo ilibanwa. Kuna wafanyabiashara wadogo ambao hununua farasi wa mwaka mmoja wakati wa vuli, kuwafunza majira ya baridi na kuwauza wakiwa na miaka miwili mwezi wa Aprili baada ya kuwakimbiza mbele ya wanunuzi. Wengi hufanya hivyo kwa mkopo. Mnada wa Aprili wa Newmarket ulisogezwa hadi mwishoni mwa Juni, na kwa miezi miwili zaidi walilisha mali waliyokwisha kuipangia kuiuza. Nafuu waliyoipata ni kwamba mwaka huo mnunuzi aliweza kupandisha bei kupitia intaneti akiwa nyumbani kwake.

Waliongoja zaidi

Mbio bila watazamaji ziliwezekana kwa sababu ya tozo. Tangu mwaka 1961 kuna bodi ya serikali inayokusanya sehemu ya mapato ya kampuni za kamari na kuirudisha kwenye mbio. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa: kila kampuni, hata iliyoko nje ya nchi ikichukua dau kwa intaneti, hulipa asilimia 10 ya faida yake kwenye mbio za Uingereza. Mabadiliko hayo yalikuja kwa wakati. Maduka ya kamari ya England yalifunguliwa Juni 15 tu, lakini tangu Juni 1 madau ya simu yalikuwa yanaingia, na bodi ikaongeza mchango wake kwenye zawadi wakati viwanja havina cha getini.

Fedha hizo zilimfikia nani? Zilimfikia mwenye farasi, mkufunzi, mpandaji, saisi, dereva wa gari la farasi, muuza majani makavu, na fundi wa kupigilia viatu vya kwato. Yaani kila aliyemhudumia mnyama alianza kupumua Juni.

Aliyemhudumia mtazamaji hakupumua. Mwaka 2019 viwanja 59 vya nchi hiyo vilipokea watu zaidi ya milioni tano, na nyuma yao walikuwapo wapishi, wauza vinywaji, wenye vyumba vya kulala, wenye teksi, waandishi wa dau wanaosimama uwanjani na ubao wao. Hawa waliambiwa wangoje. Agosti 1, 2020 Goodwood ilipanga kuingiza watu 5,000 kwa majaribio; serikali ilifuta ruhusa siku moja kabla, matayarisho yakiwa yamekamilika. Septemba 9 Doncaster iliingiza watazamaji zaidi ya 2,500 siku ya kwanza ya mashindano ya siku nne. Siku hiyohiyo mkuu wa afya wa eneo hilo aliagiza siku tatu zilizobaki ziendeshwe bila watu. Muuza chakula aliyenunua bidhaa za siku nne aliuza ya siku moja.

Novemba 2020 serikali ilitenga pauni milioni 40 kwa mbio za farasi. Zilikuwa mikopo, si ruzuku, na zililenga hasa pengo la viwanja.

Afrika Kusini ilionyesha namna pengo hilo linavyoweza kumeza kampuni. Phumelela, iliyoendesha viwanja kama Turffontein cha Johannesburg, ilikuwa na matatizo kabla ya corona. Mbio ziliposimama Machi 2020 haikudumu miezi miwili. Mei iliingia kwenye utaratibu wa kisheria wa kunusuru kampuni, na familia ya Oppenheimer ikalazimika kutoa mkopo ili mbio zisife.

Uingereza ilipofungwa tena Januari 2021, safari hii mbio hazikusimamishwa. Utaratibu wa Newcastle ulikuwa umefanya kazi miezi saba. Aprili 10 Grand National, iliyofutwa mwaka uliotangulia, ilikimbiwa bila watazamaji, na Rachael Blackmore akawa mwanamke wa kwanza kuishinda. Wenye vibanda vya chakula nje ya uwanja hawakuuza kitu siku hiyo. Mageti ya England yalianza kufunguliwa kwa watu Mei 17, 2021, kwa idadi isiyozidi 4,000.