Wiski ya Elfu Tano Ngaremara: Unalipia Nini Hasa?

Kwa shilingi 5,000 hivi, mwenyeji wa Ngaremara anaweza kupata mbuzi mdogo au chupa moja ya Monkey Shoulder. Anayerudi kutoka Nairobi na chupa hiyo mkobani, akashuka kando ya barabara ya Isiolo kwenda Moyale, ana haki ya kujua pesa zake zilikwenda wapi.

Soma lebo kwanza. Ikiandikwa "Blended Malt Scotch Whisky", kama ya Monkey Shoulder, wiski zote zilizomo ni za kimea cha shayiri, ila zimetoka viwanda viwili au zaidi kisha zikachanganywa. Aliyewahi kuona busaa ikipikwa anakijua kimea: nafaka iliyoloweshwa, ikachipua, ikakaushwa. Neno "malt" likikosekana, likabaki "Blended Scotch Whisky", ndani kuna pia wiski ya ngano au mahindi, ambayo kuitengeneza ni nafuu zaidi. Johnnie Walker Red na Black ziko kundi hili. "Single malt", kama Glenfiddich, ni kimea tupu cha kiwanda kimoja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 ndiyo iliyoyapanga majina haya, na zote lazima zikae kwenye mapipa ya mwaloni miaka 3 au zaidi.

Baa nyingi husema iliyochanganywa ni duni. Si kweli. Johnnie Walker Green imechanganywa, ni kimea tupu, na wiski changa kuliko zote ndani yake ina miaka 15.

Sasa bei, kwa makadirio ya maduka ya Nairobi. Red ni kama 2,000, Black kama 4,000, Monkey Shoulder 5,000, Glenfiddich ya miaka 12 kama 6,000, Green 7,000 au zaidi. Angalia pia ujazo. Monkey Shoulder huja kwa chupa ya mililita 700, yaani toti 23 za mililita 30, wakati chupa ya 750 hutoa 25. Kwa hiyo toti moja ya Monkey Shoulder inakugharimu kama shilingi 217, ya Black 160, ya Red 80.

Kodi haielezi tofauti hiyo. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bidhaa kwa pombe kali ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40 hubeba shilingi 300, iwe imetengenezwa Nairobi au Scotland. Ushuru wa forodha huongezeka kwa zilizoagizwa, lakini sehemu kubwa ya ziada unalipia kimea, miaka ya pipa na jina.

Hesabu hiyohiyo inamlinda mnunuzi wa robo, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu wengi hununua robo. Mililita 250 za asilimia 40 zina ushuru wa shilingi 100. Ongeza VAT ya asilimia 16, unafika 116 kabla ya kileo chenyewe, chupa na nauli ya kuifikisha Isiolo. Ukiuziwa kwa mia moja, kodi haikulipwa, na hakuna anayejua kilichomo. Februari 2024 huko Kangai, Kirinyaga, pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi. Piga picha stika ya KRA kwa programu ya Soma Label kabla ya kulipa, na usikubali kupimiwa toti ya wiski ghali kutoka chupa iliyokwisha kufunguliwa.

Kama utaichanganya na soda, chukua Red. Utamu utafunika kila ulichoongezea pesa. Kama ni ya wazee kunywa taratibu jioni, joto likishapungua, maji kidogo pembeni, basi Monkey Shoulder inatosha, na elfu moja ya ziada kwa Glenfiddich mimi nisingeitoa. Na kama elfu tano hizo ndizo zote ulizo nazo, nunua mbuzi.