Maganda ya Viazi ya Kuoka: Lini ni Chakula, Lini ni Sumu

Katika masoko ya Majengo na Sabasaba mjini Dodoma, viazi mviringo huuzwa kwa mafungu na kwa sado mwaka mzima. Viazi hivyo havilimwi katika nchi kavu ya Ugogo. Hulimwa katika nyanda za juu zenye ubaridi na mvua nyingi, hasa Njombe, Mbeya na Iringa, kisha husafirishwa kwa malori katika magunia ya lumbesa hadi kwenye uwanda wa kati, ambako mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 550 hadi 600, na kiangazi huanza mwezi wa Mei na kuendelea hadi Novemba.

Watu wengi humenya viazi na kuyatupa maganda. Kwenye vibanda vya chipsi maganda hukusanywa kwa ndoo na kumwagwa jalalani, au hupewa mbuzi. Lakini ganda hilo laweza kuwa chakula kitamu. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1970, mikahawa imezoea kuuza maganda ya viazi yaliyookwa yakakauka, kisha yakajazwa jibini na nyama. Chakula cha namna hiyo chaweza kupikwa Dodoma pasipo oveni na pasipo jibini.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mpishi hana budi kulifahamu kabla ya kuwasha moto. Ganda ndilo mahali ambapo kiazi huweka sehemu kubwa ya sumu yake, na mwanga wa jua huizidisha sumu hiyo. Tena, moto wa jikoni hauwezi kuiondoa. Kwa hiyo usalama wa chakula hiki huamuliwa sokoni na mahali pa kuhifadhia viazi, wala si jikoni.

Kiazi si mzizi

Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, katika Amerika ya Kusini. Kilifika Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 16, na Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Mmea huu ni wa jamii moja na nyanya, bilinganya, nyanya chungu na tumbaku.

Muhogo na kiazi kitamu ni mizizi iliyonenepa. Kiazi mviringo si mzizi, bali ni shina lililonenepa chini ya udongo ili kuweka akiba ya wanga. Yale macho tuyaonayo juu yake ni machipukizi yaliyolala, na kila jicho laweza kutoa mche mpya. Kwa kuwa ni shina, kiazi hakijasahau tabia ya shina: kikipata mwanga hugeuka kijani na kujiandaa kuota.

Katika kiazi chote, maji ni karibu asilimia 79 na wanga ni karibu asilimia 17. Wako wasemao kwamba virutubisho vyote vimo katika ganda. Hiyo si kweli, maana sehemu kubwa ya vitamini C na ya madini ya potasiamu imo katika nyama ya kiazi. Ila ganda lina nyuzinyuzi nyingi kuliko nyama yake, nazo husaidia choo. Zaidi ya hayo, kiazi kilichopikwa na ganda lake hakipotezi virutubisho vingi kama kile kilichomenywa na kuchemshwa, kwani ganda huvizuia visiyeyuke na kumwagwa pamoja na maji.

Kazi ya sumu

Mmea hauwezi kumkimbia adui. Hujilinda kwa dawa. Kiazi hutengeneza kemikali mbili chungu, solanini na chakonini, ambazo huwadhuru wadudu na ukungu. Kemikali hizo hukaa kwa wingi katika ganda na katika milimita moja au mbili zilizo chini yake, katika macho, katika machipukizi, na mahali palipochubuka.

Kiazi kizuri huwa na miligramu 20 hadi 100 za kemikali hizo katika kila kilo, kiasi ambacho hakimdhuru mlaji. Katika nchi nyingi kiazi chenye zaidi ya miligramu 200 kwa kilo huhesabiwa kuwa hakifai kuliwa. Viazi vichungu vilipopimwa, maganda yake pekee yalionekana kuwa na miligramu 1,500 hadi 2,200 kwa kilo.

Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba kiasi kidogo kabisa kilichopata kuonekana kikimdhuru binadamu ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Tuchukue mtoto mwenye uzito wa kilo 15. Kwake yeye, miligramu 15 zinatosha kuleta madhara. Kiazi kimoja kichungu chenye gramu 150 chaweza kutoa maganda ya gramu 15 hivi, na ndani ya maganda hayo mna miligramu 22 au zaidi. Basi ganda la kiazi kimoja tu kibaya lamtosha mtoto huyo kuugua, hali mtu mzima mwenye kilo 60 pengine asihisi chochote. Ndiyo sababu haifai mzazi kuonja chakula hiki, akajiona salama, kisha akakata shauri kwa niaba ya watoto.

Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha, maumivu ya tumbo na ya kichwa. Sumu ikizidi, mgonjwa huchanganyikiwa na hata kuzimia. Kwa kuwa dalili za kwanza hufanana na za maradhi mengine ya tumbo, watu wengi hawakumbuki kukishuku kiazi. Ripoti ya waganga iliyochapishwa mwaka 1979 ilieleza habari za shule moja ya London, ambako wavulana 78 waliugua baada ya chakula cha mchana, na 17 kati yao wakalazwa hospitali. Viazi walivyokula vilikuwa vimebaki tangu muhula uliotangulia. Wote walipona.

Mbuzi naye hasalimiki. Maganda ya kijani na machipukizi hudhuru mifugo pia, wala haifai kuwapa kwa kudhani kwamba tumbo la mnyama hustahimili kila kitu.

Jua la sokoni

Viazi vinapopangwa juani katika mafungu, ganda hupokea mwanga na kuanza kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Klorofili yenyewe haina madhara. Tunaila kila siku katika mchicha. Lakini mwanga huohuo huchochea pia kutengenezwa kwa solanini na chakonini. Rangi ya kijani, kwa hiyo, ni bendera inayotuonya kuwa kiazi kimekaa katika mwanga muda mrefu.

Bendera hiyo haitoshi peke yake, kwa maana kiazi kilichogongwa njiani au kilichoanza kuota chaweza kuwa na sumu nyingi bila ya kuwa kijani sana. Mnunuzi na afuate kanuni hizi:

1. Achague viazi vigumu, visivyo na kijani, visivyochipua wala kuchubuka.
2. Akiweza, anunue vilivyotoka kwenye gunia muda si mrefu, badala ya vile vilivyoshinda juani juu ya meza.
3. Nyumbani aviweke mahali penye giza, ubaridi na hewa. Gunia la katani au kapu lililofunikwa lafaa. Mfuko wa plastiki haufai, kwa sababu huzuia unyevu na kuviozesha.
4. Kiazi chenye doa dogo la kijani kimenywe kwa kukata ndani sana, nacho kipikwe kwa namna nyingine. Kisitumiwe kwa chakula hiki cha maganda. Kilicho kijani sehemu kubwa kitupwe.
5. Kiazi kilichopikwa kikiwa kichungu au kikiwasha kooni, kitemwe na kisiliwe tena.

Kanuni ya mwisho ina sababu yake. Solanini haiharibiki kwa kuchemshwa, na joto la kuoka halitoshi kuivunja. Upishi haugeuzi kiazi kibaya kuwa kizuri.

Kwa nini kuoka, si kuchemsha

Kwenye usawa wa bahari maji huchemka yafikapo nyuzi 100 za Sentigredi. Kila tupandapo mita 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa karibu nyuzi 1. Dodoma iko kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka hapo kwenye nyuzi 96 hivi. Hata moto uwe mkali namna gani, kiazi kilichomo ndani ya maji katika sufuria ya kawaida hakipati joto kupita hapo. Joto hilo latosha kulainisha wanga, lakini ganda hubaki teketeke.

Rangi ya kahawia na harufu nzuri ya kitu kilichookwa hutokana na sukari na asidi za protini zinapoungana katika joto la nyuzi 140 na zaidi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard. Ganda haliwezi kufikia joto hilo mpaka maji yake yamekauka. Hiyo ndiyo siri yote ya upishi huu: kwanza kuivisha kiazi, pili kulikausha ganda.

Namna ya kupika

Chukua viazi sita vya wastani. Visugue kwa brashi katika maji safi ili udongo wote utoke, kisha uvifute vikauke kabisa. Vitoboe kwa uma mahali panne au patano, ili mvuke upate njia wala kiazi kisipasuke. Vipake mafuta ya alizeti.

Mwenye oveni aioteshe mpaka nyuzi 200, kisha aoke kwa muda wa saa moja hivi. Asiye na oveni atandaze mchanga safi, mkavu, wa unene wa vidole viwili katika sufuria nzito, na juu yake aweke mawe matatu madogo na sinia la bati. Sufuria ikae juu ya mkaa, viazi viwe katika sinia, na kifuniko kipaliwe makaa kama mtu anavyopalia wali. Mchanga husambaza joto, na makaa ya juu huyakausha maganda. Kazi hii ifanywe nje au mahali penye hewa nyingi, kwa sababu mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kijiti kikipenya bila ya kukwama, viazi vimeiva. Vipasue katikati kwa urefu, kisha uchote nyama kwa kijiko na kuacha unene wa nusu sentimita ili ganda lisipasuke. Nyama hiyo usiitupe. Yafaa kwa kachori. Vipake vibakuli hivyo samli kidogo na chumvi, ndani na nje, uvirudishe motoni kwa dakika 10 hadi 15. Viondoe vikiwa na rangi ya dhahabu. Usingoje viwe kahawia iliyokoza, kwani mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kwamba vyakula vya wanga vikiunguzwa hufanya kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo ni bora kuiepuka.

Kujaza

Kitoweo chenye majimaji hulainisha ganda mara moja. Kwa sababu hiyo mlenda haufai, ijapokuwa ni mboga ya heshima Ugogoni. Chaguo zuri ni nyama ya kusaga iliyokaangwa ikakauka pamoja na kitunguu na pilipili hoho. Jingine ni majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga mpaka yakashikana. Badala ya jibini, chukua maziwa ya mgando, yafunge katika kitambaa safi na kuyatundika mahali penye baridi kwa saa chache mpaka maji yachuruzike. Yatakayobaki ni mazito na yana ladha ya uchachu. Jaza vibakuli, virudishe motoni dakika tano, kisha weka maziwa hayo juu na ule papo hapo.

Anayetumia karanga azichambue kwa uangalifu, atupe zilizosinyaa na zenye ukungu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, nao 20 wakafariki; chanzo kilikuwa mahindi, lakini ukungu huohuo hupenda karanga pia. Sumukuvu nayo, kama solanini, haimalizwi na moto wa jikoni.

Basi mpishi mwema wa maganda huanza kazi yake sokoni, mbele ya fungu la viazi, akigeuza kimoja kimoja na kutazama rangi yake. Kilicho safi, ganda lake na liliwe. Kilicho kijani kisiingie nyumbani.